Kuhesabiwa Haki na Kukubaliwa: Uhakiki wa Istilahi za Wokovu katika Kiswahili cha Wakatoliki na Waprotestanti

Utangulizi

Katika mafunzo ya isimujamii ni desturi kutaja sajili ya dini kana kwamba ni kitu kimoja. Mwanafunzi huambiwa kuwa lugha ya dini hujaa msamiati maalumu, marudio, nukuu za vitabu vitakatifu na sauti ya unyenyekevu. Kisha mambo huishia hapo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mafupi mno. Hata tukiuacha Uislamu kando na kuutazama Ukristo peke yake, twaona kuwa Kiswahili chake kilipitishwa katika mifereji miwili, iliyochimbwa na wamisionari ambao kwa muda mrefu hawakuaminiana. Upande mmoja walikuwa akina Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Askofu Steere wa Unguja. Upande wa pili walikuwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao ya Bagamoyo mwaka 1868, na wenzao walioingia bara baadaye.

Makala haya yanakusudia kujibu swali moja. Je, tofauti za maneno baina ya Wakatoliki na Wakristo wengine ni tofauti za imani, au ni za mazoea tu? Hoja yangu ni kwamba tofauti zinazosikika upesi ni za mazoea, ilhali tofauti nzito zimejificha ndani ya maneno ambayo pande zote huyatamka bila kusita. Kwa hiyo mhakiki anayehesabu istilahi bila kuzipima atapotea mara mbili: ataona ufa mahali pasipo na ufa, na ataona umoja mahali ambapo umoja ungali unatafutwa.

Tofauti za Mavazi

Tuanze na zilizo nyepesi. Mkatoliki husema Kristu, Mprotestanti husema Kristo. Umbo la kwanza lina mwangwi wa Kilatini, na la pili lina mwangwi wa Kiyunani. Lakini anayetajwa ni yule yule, na hapana mwanatheolojia aliyewahi kujenga hoja juu ya irabu hiyo. Hata hivyo, irabu hiyo moja yatosha kumtambulisha msemaji kanisani mwa wenyewe. Ndivyo ilivyo pia katika maamkizi. Anayesema "Tumsifu Yesu Kristu" amekwisha kutaja kanisa lake. Na anayesema "Bwana asifiwe" anarithi desturi iliyoenezwa na Uamsho wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Mmoja huenda kusali, mwingine huenda kuomba; mmoja ana misa, mwingine ana ibada.

Majina ya wahudumu yana historia ndefu zaidi. Padre ni neno la Kireno; kasisi ni la Kiarabu; mchungaji ni la Kibantu na ni tafsiri ya sitiari ya Biblia. Mtu aweza kudhani kuwa maneno haya matatu yanalingana na mafundisho matatu juu ya daraja takatifu. Lakini historia yakataa. Mwaka 1913, baada ya mkutano wa misheni za Kiprotestanti uliofanyika Kikuyu, Askofu Frank Weston wa Unguja aliwashtaki kwa uzushi Askofu Peel wa Mombasa na Askofu Willis wa Uganda, kwa sababu ya mpango wa shirikisho na ushirika wa pamoja wa meza ya Bwana. Wote watatu walikuwa Waanglikana. Juu ya uaskofu na sakramenti, Weston alikuwa karibu zaidi na Roma kuliko alivyokuwa karibu na wenzake wa Mombasa na Uganda. Mpaka wa imani, basi, haukufuata mpaka wa jina la kanisa, sembuse mpaka wa istilahi.

Maneno ya Pamoja

Ama kuhusu maneno yanayotumiwa na wote, hapo ndipo penye kazi. Chukua neno kanisa. Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu, na kinalitumia kwa jengo, kwa waumini na kwa taasisi. Kila Mkristo hulitumia. Lakini katika hati za Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hasa ile ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, hutajwa Makanisa na, kando yake, jumuiya za kikanisa. Tamko la Roma la mwaka 2000, Dominus Iesus, lilikaza tofauti hiyo: Waorthodoksi wana Makanisa kwa maana kamili, kwa kuwa wamehifadhi uaskofu na Ekaristi, jumuiya zilizotokana na Matengenezo ya karne ya 16 hazikupewa jina hilo kwa maana hiyo. Hata neno madhehebu lina mtego wake. Asili yake ni mapito ya sheria katika Uislamu, ambayo huhesabiwa kuwa njia zilizo sawa ndani ya dini moja. Tunaposema "madhehebu ya Kikristo" na kuutia Ukatoliki humo, tumekwisha kutoa hukumu ambayo Kanisa Katoliki lenyewe halijikubalii, kwa maana halijioni kuwa tawi moja kati ya matawi.

Hata hivyo Kiswahili hakifichi tu, pengine hutatua. Mfano ni kutubu. Katika Ulaya ya karne ya 16 palikuwa na ugomvi mkali juu ya neno la Kiyunani metanoia. Tafsiri ya Kilatini ilimwagiza mtu kutenda kitubio, na msomaji wa zama za kati akasikia humo sakramenti na malipizi yake. Erasmus alionyesha kuwa Kiyunani kinasema habari ya kugeuka nia, na ile hoja ya kwanza kati ya hoja 95 za Luther, mwaka 1517, yahusu jambo hilo hilo. Kiswahili hakikulazimika kuchagua. Neno tubu lilikuwapo tayari, limeletwa na Uislamu, na katika Kiarabu shina lake lina maana ya kurejea. Mprotestanti alilichukua kama lilivyo. Mkatoliki akaliambika na kupata kitubio kuwa jina la sakramenti. Pande zote mbili zilichota katika kisima cha Waislamu, na maji yake yakawa karibu zaidi na Kiyunani kuliko yale ya Kilatini.

Chombo na Mkono

Mahali pengine uchaguzi haukuepukika. Katika Luka 1:28 malaika anamwita Mariamu kwa neno moja la Kiyunani, kecharitomene. Sala ya Kikatoliki, ikifuata Kilatini, husema "umejaa neema". Tafsiri ya Umoja ya mwaka 1952, iliyounganisha mapokeo ya Kiprotestanti ya Unguja, Mombasa na Tanganyika, husema "uliyepewa neema". Tazama sarufi. Kujaa ni kitenzi cha hali: humwelekeza msikilizaji kwenye chombo na kilichomo. Kupewa ni kauli ya kutendwa: humwelekeza kwenye mkono wa mpaji. Kiyunani kina yote mawili, kwa kuwa umbo lake ni la kutendwa na wakati wake ni wa jambo lililotimia ambalo matokeo yake yadumu. Hapana aliyetafsiri vibaya. Kila upande umeshika nusu. Lakini nusu hizo si za bahati. Mkatoliki hupenda kuitazama neema jinsi ilivyombadili mpokeaji. Mprotestanti huchelea kusifu chombo, asije akamsahau mpaji.

Hesabu ya Haki

Tofauti hii ya chombo na mkono ndiyo itakayotuongoza katika istilahi kubwa kuliko zote, ile ya Paulo: kitenzi dikaioun. Mtaguso wa Trento, katika amri yake ya mwaka 1547, ulifundisha kuwa tendo hilo la Mungu si ondoleo la dhambi tu, bali pia ni utakaso na kufanywa upya kwa mtu wa ndani. Walutheri walikaza kuwa mwenye dhambi hutangazwa kuwa na haki kwa ajili ya Kristo, haki isiyo yake. Kwa ufupi: je, Mungu humfanya mtu kuwa mwenye haki, au humhesabia haki?

Tafsiri ya Umoja yajibu kwa istilahi yake: kuhesabiwa haki. Katika vitenzi vyetu vilivyotoka Kiarabu, kauli ya kutendwa na ile ya kutendewa mara nyingi hupatana kwa umbo. "Fedha zilihesabiwa" ni kutendwa. "Juma alihesabiwa fedha zake" ni kutendewa. Aidha twasema "alihesabiwa mwizi", yaani alichukuliwa kuwa mwizi. Ni lipi kati ya haya lililomo katika kuhesabiwa haki? Kama ingekuwa kama mfano wa mwizi, tungetazamia jina la mtu: kuhesabiwa mwenye haki. Lakini haki ni jina la kitu, kama fedha. Kwa hiyo sarufi yaelekea maana ya pili: mtu amewekewa haki katika hesabu yake. Hilo ndilo fundisho la Matengenezo lilivyo, tena kwa uwazi kupita kitenzi cha Kiyunani chenyewe; maana wazo la kuhesabu, ambalo Paulo analitumia kwa kitenzi kingine katika sura ya nne ya Warumi, hapa limeingizwa ndani ya dikaioun.

Hata hivyo tusiwasingizie watafsiri hao upendeleo. Luther, katika Agano Jipya lake la mwaka 1522, aliongeza neno "peke yake" katika Warumi 3:28, na mwaka 1530 akaandika waraka mzima kujitetea. Tafsiri ya Umoja haikuliongeza. Tena katika Yakobo 2:24, aya iliyomtatiza Luther, watafsiri wetu walitumia istilahi ile ile bila kuikwepa. Walikuwa waaminifu, ila istilahi iliwatangulia.

Pana tatizo jingine ambalo ni la Kiswahili pekee. Haki, kwa msemaji wa kawaida, ni stahili yake: haki ya mfanyakazi ni ujira wake, haki ya mrithi ni fungu lake. Paulo asisitiza kuwa jambo hili ni neema, si malipo yanayodaiwa. Basi msikilizaji asiyefundishwa aweza kusikia katika kuhesabiwa haki kinyume cha alichokusudia Paulo, yaani kulipwa anachostahili.

Kukubaliwa

Mwaka 1968 Vyama vya Biblia na Sekretarieti ya Vatikano ya umoja wa Wakristo vilipatana juu ya kanuni za kutafsiri pamoja. Tunda lake kwetu ni Biblia Habari Njema ya mwaka 1995, ambayo hupatikana pia ikiwa na vitabu vya Deuterokanoni. Humo, mahali pa kuhesabiwa haki, twakuta kukubaliwa kuwa mwadilifu. Faida yake ni dhahiri. Picha ya daftari imeondoka, utata wa stahili umeondoka, na kitenzi hakimlazimishi Mkatoliki wala Mlutheri kuacha fundisho lake.

Lakini je, kitenzi kisichomlazimisha yeyote kinasema nini? Linganisha sentensi mbili: "Amekubaliwa kuwa mwanachama" na "Amekubaliwa kuwa mkweli". Katika ya kwanza, kukubali ndiko kunakoleta hali mpya. Kabla yake hakuwa mwanachama. Katika ya pili, kukubali ni kukiri jambo lililokuwapo. Alikuwa mkweli kabla hatujakiri. Sasa, uadilifu ni tabia, kama ukweli. Si cheo, kama uanachama. Kwa hiyo sikio la Kiswahili huvutwa upande wa sentensi ya pili: mtu alikuwa mwadilifu, na Mungu amekiri hivyo. Fundisho hilo halikuhubiriwa Trento wala Wittenberg. Pande zote mbili zingelikana kwa sauti moja. Katika kukwepa ugomvi wa mambo mawili, tafsiri imefungua mlango kwa jambo la tatu.

Na ugomvi wenyewe haukuhitaji kukwepwa hivyo. Mnamo tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi Azimio la Pamoja juu ya fundisho hili. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na Jumuiya ya Makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Azimio halikutafuta neno la katikati. Lilikiri kuwa Mungu husamehe na pia hufanya upya, na kwamba mambo hayo mawili hayatenganiki. Kisha likaruhusu kila upande uendelee kukazia upande wake. Wazo hilo si geni Afrika Mashariki: mkutano mkuu wa Walutheri uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1977, ambapo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais, ndio uliopokea kauli ya umoja katika tofauti zilizopatanishwa.

Hitimisho

Tukiyapima haya, twaona njia mbili za kupatana. Ya kwanza ni kutafuta neno lisilomkera mtu. Ya pili ni kuyaacha maneno yote mawili yasimame, kila moja likieleza lile ambalo mwenzake hawezi. Biblia ya ushirikiano imefuata njia ya kwanza. Azimio la 1999 limefuata ya pili. Kwa maoni yangu, Kiswahili kinastahili ya pili. Kuhesabiwa haki kuendelee kusomwa, pamoja na maelezo kwamba haki hiyo si stahili. Na kando yake msomaji aonyeshwe kufanywa mwenye haki, ili asikie sauti ya Trento pia. Maelezo ya chini ya ukurasa, yanayotaja tafsiri mbadala, yatosha kwa kazi hiyo, na hayahitaji kibali cha mtaguso mwingine.

Kwa walimu wa lugha, funzo ni kwamba istilahi ya dini haina budi kusomwa kwa sarufi yake kabla ya kuainishwa katika sajili. Waumini wa makanisa mbalimbali huketi pamoja mazishini, arusini na darasani, wakisomewa aya moja kutoka vitabu viwili. Kinachowatenganisha wakati huo aghalabu si Kristu na Kristo. Ni kauli ya kitenzi, na hapana mtu aliyewaeleza.