Sindano ya Shaba: Hesabu ya Nguvu za Liyongo

Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa mbao, aliandika utendi wa shujaa Fumo Liyongo. Kisa chenyewe kilikuwa cha kale. Edward Steere alikwisha kukichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Wengi huusoma utendi huo kwa ajili ya historia ya Pate au kwa utamu wa lugha yake. Mimi nausoma hapa kwa jicho la mtu anayepanga michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kwa sababu naona Kijumwa alilitatua tatizo ambalo vitabu vya madubwana vya michezo hiyo bado vinahangaika nalo: jitu lisiloshindika litashindwaje bila msikilizaji kuhisi amedanganywa?

Kwanza tuzione takwimu zenyewe. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka mwaka 1974, na kitabu chake cha kwanza cha madubwana kikafuata mwaka 1977. Wachezaji hukaa mezani, mmoja wao akiwa msimamizi anayesimulia. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu. Kila dubwana lina sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Kiwango cha mtu wa kawaida ni 10. Toa 10 kwenye sifa, gawa kwa 2, ukibaki na nusu shuka hadi namba kamili ya chini, na umepata kile kinachoongezwa kwenye dadu.

Chukua jitu la vilimani katika toleo la 2014. Ustahimilivu wake ni 19, kwa hiyo nyongeza ni 4. Uhai wake ni 105, na namba hiyo ina asili yake: ni dadu 10 za pande 12, jumlisha 40. Wastani wa dadu ya pande 12 ni 6.5, mara 10 ni 65. Zile 40 ni nyongeza ya 4 kwa kila dadu. Ukitaka jitu gumu zaidi, lipe dadu 14, na uhai unapanda hadi 147 bila kuvunja kanuni. Kinga yake ni 13. Anayelishambulia hurusha dadu ya pande 20 na kuongeza ujuzi wake. Mwenye nyongeza ya 5 anahitaji kupata 8 au zaidi, yaani ana nafasi 13 kati ya 20. Mwishoni kuna kiwango cha ugumu, ambacho kwa jitu hili ni 5: wahusika 4 wa ngazi ya 5 watapata kazi ya kutosha, lakini wakiwa makini hawatakufa.

Sasa jaribu kumjazia Liyongo ukurasa wa takwimu kama hizo. Nguvu ni rahisi. Kijumwa anatuambia tu kwamba alikuwa mrefu na mpana, halafu anaacha vitu viseme. Kutoka mji wa Shaka hadi mji wa Pate ni mwendo wa siku 4. Liyongo anaumaliza kwa siku moja. Langoni mwa Pate anapuliza pembe inapasuka, anapuliza ya pili nayo inapasuka. Kisha anautua mkoba wake mbele ya wageni wa kabila la Wagala, na ndani yake mnatoka kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Msikilizaji wa Lamu aliyewahi kubeba kinu peke yake hahitaji kuambiwa namba. Ukinilazimisha, nitampa nguvu 29, sawa na jitu la tufani.

Kwenye uhai ndipo ukurasa unapokwama. Hata ukimwandikia 105 au 500, namba hiyo haina kazi, maana hakuna silaha ya kawaida inayompata. Mfalme wa Pate, anayetaka kumwua, analijua hilo, na ndiyo maana kisa kizima ni mlolongo wa mitego. Wawindaji wa Kisanye na Kidahalo wanaahidiwa reali 100 wamwue. Wanamwalika kula kikoa cha makoma, kila mmoja apande mkoma kwa zamu, wakikusudia kumpiga mishale akiwa juu. Zamu yake inapofika, Liyongo habanduki ardhini: anayaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Hapo Kijumwa ameongeza sifa mbili ambazo wapangaji wengi huyanyima majitu yao, wepesi wa mkono na busara ya kuutambua mtego. Jitu la vilimani lina akili 5. Ukilicheza kwa namba hiyo, mtego wa makoma unaliua mara ya kwanza.

Kisa cha gerezani ni bora zaidi. Mfalme amemkamata Liyongo na kumfunga pingu, na nguvu zake hazimsaidii. Kwa wimbo anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, naye mama anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wanakula vyakula vizuri na kumwachia ule wa wishwa. Kisha anaomba ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, na kelele za ngoma zinafunika mlio wa tupa ikikata chuma. Jitu linatoka kwa msaada wa watu wawili wasio na nguvu yoyote, na kwa tamaa ya walinzi. Hakuna takwimu ya vitu hivyo, lakini msimamizi mzuri huviandika pembeni: nani yuko upande wa dubwana hili, na maadui zake wana udhaifu gani?

Mtu-mbwamwitu wa mwaka 2014 ndiye jamaa wa karibu zaidi wa Liyongo kwenye vitabu. Uhai wake ni 58, ugumu 3, na silaha ya kawaida isiyo ya fedha haimdhuru. Kundi lenye silaha za kawaida tu, zisizo za fedha wala za uchawi, litapigana naye usiku kucha bila kumpunguzia uhai hata kidogo; lenye panga za fedha litammaliza haraka. Dubwana ni lilelile, lakini ugumu wake si uleule, na namba 3 haiwezi kulieleza hilo. Kasoro ninayoiona ni kwamba siri ya fedha imeandikwa kitabuni, na kila mchezaji mzoefu anaijua kabla hajaketi.

Liyongo hudhurika kwa sindano ya shaba ya kitovuni tu, na siri hiyo haimo mikononi mwa umma. Ili kuipata, mfalme anamshawishi mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Mwana anamuuliza baba, baba anamwambia. Kwa hiyo bei ya kulishinda jitu hili hailipwi kwa marusho ya dadu. Inalipwa na kijana anayemchoma baba yake usingizini. Hili ndilo ningependa wapangaji wetu wajifunze kwa Kijumwa: ukilipa dubwana udhaifu, amua pia nani anaujua, na kumwambia mtu mwingine kutamgharimu nini.

Baada ya kuchomwa, Liyongo anatoka hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, na anafia hapohapo. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa siku kadhaa, mpaka mwili unapoanguka. Kwa kawaida mezani, uhai wa dubwana ukifika 0 limekufa, na msimamizi hutangaza papo hapo. Kwa Liyongo ningeandika kanuni tofauti: akifika 0, msimamizi anyamaze, na wachezaji waendelee kurusha dadu za woga kila wanapotaka kukisogelea kisima.