Mkono Usiogusa Turubai: Uhakiki wa Mbinu za Kuzungusha, Kupuliza na Kutumia Stensili katika Uchoraji

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu, uhakiki wa uchoraji umeutafuta ustadi wa msanii katika alama za mkono wake: mpito wa brashi, uzito wa mstari na namna rangi moja inavyoipokea nyingine. Kigezo hicho hukwama pale mchoro unapotokana na mbinu ambazo mkono haugusi kabisa turubai. Miongoni mwa mbinu hizo ni kuzungusha turubai huku rangi ikimiminwa juu yake, kupuliza rangi kutoka katika kopo, na kupitisha rangi kwenye matundu ya stensili, yaani kiolezo kilichokatwa umbo linalotakiwa. Wanaozibeza mbinu hizi hutoa hoja mbili: kwamba kuzungusha ni kuachia bahati, na kwamba stensili ni kunakili tu. Uhakiki huu unazipinga hoja hizo, ingawa hauitetei kila kazi iliyotokana na mbinu zenyewe. Hoja yake ya msingi ni kwamba mkono unapojitenga na turubai, uamuzi wa msanii haupotei, bali huhamia wakati mwingine, kabla au baada ya rangi kutua. Thamani ya kazi hutegemea uzito wa uamuzi huo.

2.0 Turubai Izungukayo

Turubai inapozungushwa kwa kasi, rangi iliyomiminwa karibu na kitovu hukimbilia ukingoni. Rangi nyepesi hutawanyika kwa michirizi mirefu na myembamba, ilhali rangi nzito husogea polepole na kuacha kingo nene. Kopo la rangi ya kupuliza likishikiliwa mahali pamoja juu ya turubai hiyo, huchora duara. Likisogezwa taratibu kuelekea katikati, huacha mstari unaojiviringisha kama gamba la konokono. Hivyo basi, kudai kwamba matokeo ni ya bahati tupu si sahihi. Kasi ya mashine, uzito wa rangi, mfuatano wa kuimimina na wakati wa kusimamisha mzunguko ni mambo yanayochaguliwa. Kisichochaguliwa ni mwisho wa kila mchirizi.

Mbinu hii haikuanza na Damien Hirst, ingawa jina lake ndilo linalotajwa zaidi. Alfons Schilling, mzaliwa wa Basel, alichora kwenye turubai za duara zinazozunguka akiwa Paris mwaka 1962. Hirst aliifuata njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1993, katika tamasha la mtaani huko Hoxton, London, yeye na mwenzake Angus Fairhurst walivaa kama vikaragosi wa sarakasi na kuwakaribisha wapita njia wachore kwa mashine ya kuzungusha kwa malipo ya pauni 1. Wasanii hao wawili walitia saini michoro iliyopatikana.

Tukio hilo lina uzito wa kihakiki kuliko turubai nyingi za Hirst zilizofuata. Pale Hoxton, swali la mchoro ni wa nani lilikuwa wazi mbele ya kila mtu: mpita njia alimimina rangi, mashine ikaitawanya, na msanii akaandika jina lake. Kichekesho cha mavazi na udogo wa bei vilikuwa sehemu ya maana. Baadaye, mbinu ileile ilipohamia kwenye turubai zenye kipenyo cha zaidi ya mita 2 na kuingia katika majumba ya sanaa, mpita njia aliondoka lakini saini ikabaki. Aidha, Hirst aliyapa majina ya michoro hiyo umbo moja: huanza kwa neno lenye maana ya “mzuri”, yakafuata maelezo mengi ya mzaha, kisha neno “mchoro”. Kama kila mzunguko hutangazwa kuwa mzuri kabla haujatazamwa, basi hakuna mzunguko unaoweza kushindwa. Na pasipo uwezekano wa kushindwa, uteuzi hukosa maana. Hapo ndipo udhaifu wa kazi hizo ulipo. Mashine haina lawama. Aliyejivua wajibu wa kuamua ni msanii.

3.0 Stensili na Kopo

Katika stensili, uamuzi hutangulia. Mkataji hulazimika kufikiri kinyume: anachokiondoa ndicho kitakachoonekana. Herufi O haiwezi kukatwa yote kwa mkato mmoja, kwa kuwa duara lake la ndani litadondoka; sharti ziachwe kamba nyembamba za kulishikilia. Kamba hizo huonekana kwenye mchoro kama mapengo, nazo ndizo zinazoupa mtindo huu sura yake. Hata upulizaji huhitaji maamuzi. Stensili ikibanwa vizuri ukutani, kingo hutoka kali. Ikiinuliwa kidogo, ukungu wa rangi hupenya chini yake na kingo hulegea.

Blek le Rat alianza kupuliza panya kwenye kuta za Paris mwaka 1981. Alichagua mnyama huyo kwa hoja: panya huishi mjini bila kibali cha mtu, na jina lake kwa Kifaransa lina herufi zilezile za neno “sanaa”. Umbo lilikatwa kwa utulivu, mbali na barabara. Upulizaji ulichukua muda mfupi, kwani kazi ilifanywa bila ruhusa. Dai la kunakili halina nguvu hapa. Kiolezo ni kimoja, lakini kila ukuta una ufa, unyevu na wapita njia wake. Panya aliye kwenye nguzo ya daraja hasemi jambo lilelile analolisema akiwa chini ya dirisha la tajiri.

Isitoshe, mbinu hii ni kongwe kuliko brashi nyingi. Katika pango la Leang Timpuseng, kisiwani Sulawesi, Indonesia, kuna alama ya mkono iliyopatikana kwa kutawanya rangi kuuzunguka mkono uliowekwa ukutani. Umri wake umekadiriwa kuwa si chini ya miaka 39,900. Mkono wenyewe ndio uliokuwa stensili, na kilichobaki ni nafasi yake tupu. Kwa hiyo, mkono usiopaka rangi si dalili ya usasa uliopoteza utu. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi kwamba mtu alikuwapo.

4.0 Hitimisho

Mbinu hizi zinapounganishwa katika kazi moja, mhakiki hupata fursa ya kupima. Kwa kawaida mzunguko hutangulia, rangi ikaachwa ikauke, kisha stensili huwekwa juu yake. Swali la kuuliza ni hili: je, umbo hilo lingeweza kuhamishiwa kwenye mzunguko mwingine wowote bila maana kubadilika? Jibu likiwa ndiyo, mzunguko ni pambo na umbo ni nembo. Jibu likiwa hapana, kwa sababu mahali pa umbo pametokana na kule rangi ilikokimbilia, basi msanii ameitazama ajali na kuijibu. Jibu hilo ndilo linalopaswa kupewa alama katika tathmini, iwe mkono umegusa turubai au haukugusa.