NANI MWIZI WA WAKATI? Uhakiki wa hoja ya uchelewaji katika kazi ya kulipwa kwa saa

Iko hoja moja ambayo kila kada aliyewahi kufanya kazi penye kiwanda, bandari au bohari ameisikia. Hoja yenyewe ni hii: mfanyakazi anayelipwa kwa saa akichelewa dakika kumi, amemwibia mwajiri dakika kumi, na mwizi hana haki ya kulalamika anapoadhibiwa. Hoja hii ni fupi, ina sura ya haki, na mara nyingine hata viongozi wa wafanyakazi huikubali bila kuipima. Makala haya yanakusudia kuipima.

Tutaipima mahali ilipokomaa kuliko kwingine, yaani katika mabohari ya Marekani, ambako mfanyakazi huajiriwa kwa saa na mashine humhesabia kila dakika. Hatuendi huko kwa kutamani mambo ya watu. Tunakwenda kwa sababu ugonjwa huonekana vizuri zaidi kwa mgonjwa uliyemzidi.

1. HUKUMU YA MWAKA 2014

Mwaka 2010 wafanyakazi wa mabohari ya Amazon katika jimbo la Nevada walifungua kesi. Waliyemshitaki ni kampuni iliyowaajiri kwa niaba ya mwenye mabohari, Integrity Staffing Solutions. Kazi yao ilikuwa kutoa bidhaa rafuni na kuzifungasha. Kila zamu ilipokwisha, walitakiwa kupanga mstari, kuvua mikanda, kutoa pochi na funguo, na kupita kwenye mashine ya kupekua vyuma, ili ihakikishwe kwamba hawakuiba mali. Walidai kwamba kungojea na kupekuliwa kulichukua kiasi cha dakika 25 kila siku, na kwamba dakika hizo hazikulipwa. Walidai pia kwamba mwajiri angeweza kuzipunguza sana kwa kuongeza wapekuzi au kwa kutofautisha saa za kutoka.

Tarehe 9 Desemba 2014 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu. Majaji wote tisa waliwakatalia. Walisema kwamba kupekuliwa si sehemu ya kazi waliyoajiriwa kuifanya, wala si kitu ambacho kazi hiyo haiwezi kufanyika bila hicho. Kwa hiyo sheria haimlazimishi mwajiri kulipa. Serikali ya Marekani yenyewe, kwa kupitia mawakili wake, ilikuwa imeunga mkono upande wa mwajiri mbele ya Mahakama.

Tupige hesabu. Dakika 25 kwa siku tano ni dakika 125 kwa juma. Kwa majuma 50 ya kazi ni dakika 6,250, yaani saa 104 na dakika 10. Hizo ni siku 13 za kazi ya saa nane, na ziada kidogo. Mfanyakazi huyu anatoa siku 13 kila mwaka akiwa ndani ya uzio wa mwajiri, chini ya amri ya mwajiri, kwa faida ya mwajiri, wala hapati hata senti moja. Lakini siku atakayochelewa dakika kumi asubuhi, ataambiwa kwamba yeye ndiye mwizi.

2. KASORO YA HOJA

Mwajiri hununua nini? Hanunui bidhaa zilizofungashwa, wala hamnunui mtu. Hununua nguvukazi ya mtu kwa muda fulani. Kama kinachouzwa ni muda, basi swali la kwanza la haki ni hili: muda huo unaanzia wapi na kuishia wapi, na nani ameshika saa?

Njia ya kujibu ni rahisi. Tuulize: katika dakika hizo mfanyakazi anaweza kuondoka bila kupoteza kazi? Akisimama kwenye mstari wa kupekuliwa, jibu ni hapana. Dakika ambayo mtu hawezi kuitumia apendavyo si yake. Na kama si yake, ni ya mwajiri, na mwenye kutumia mali hulipa. Mahakama haikuuliza swali hili. Iliuliza kama kupekuliwa kunafanana na kufungasha. Kwa kubadili swali, ilibadili jibu.

Hatusemi kwamba majaji walihongwa, au kwamba ni watu wabaya. Majaji tisa wenye mielekeo iliyotofautiana sana katika mambo mengine walikubaliana katika hili. Hiyo ni dalili kwamba tatizo liko ndani ya sheria yenyewe, na sheria ina historia yake ya kitabaka.

Mwaka 1946, katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens, jimbo la Michigan, Mahakama hiyohiyo ilikuwa imewapa ushindi wafanyakazi. Iliamua kwamba muda wa kutembea ndani ya eneo la mwajiri, kutoka kwenye mashine ya kugonga kadi mpaka kwenye meza ya kazi, ni muda wa kazi. Yafuatayo yanafundisha. Vyama vya wafanyakazi vilifungua mashitaka mengi kudai malipo ya dakika hizo. Waajiri wakapiga kelele kwamba watafilisika. Mwaka uliofuata tu, 1947, Bunge la Marekani likapitisha sheria iitwayo Portal-to-Portal, iliyoziondoa dakika za kabla na za baada ya kazi katika malipo. Sheria hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 2014. Wafanyakazi walishinda mahakamani, mabepari wakashinda bungeni.

Kwamba jambo hili halikuandikwa mbinguni linaonyeshwa na majimbo ya Marekani yenyewe. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya California iliamua, katika kesi dhidi ya kampuni ya Apple, kwamba chini ya sheria ya jimbo hilo muda wa kupekuliwa mikoba ni muda wa kazi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Pennsylvania iliamua hivyohivyo katika kesi ya wafanyakazi wa bohari la Amazon. Dakika ni ileile na mstari ni uleule. Kilichotofautiana ni sheria, na sheria hufuata nguvu ya walioitunga.

3. POINTI NA SIKIO

Sasa tuje kwenye uchelewaji wenyewe. Katika mabohari mengi ya Marekani mfanyakazi huwekewa hesabu ya pointi, au akiba ya saa za kukosekana. Akichelewa, hukatwa. Akikosa siku, hukatwa zaidi. Hesabu ikifika kikomo, huachishwa kazi. Wanaousifu utaratibu huu husema kwamba ni wa haki kwa sababu mashine haina upendeleo wala haijui ndugu wa mtu.

Sifa hii ina ukweli ndani yake, nasi tusiubeze. Kila aliyefanya kazi chini ya nyapara anajua uchungu wa kuona rafiki ya nyapara akisamehewa na mwingine akifukuzwa kwa kosa lilelile. Lakini usawa wa mashine ni nusu tu ya haki, kwa kuwa haki husikiliza kabla ya kukata shauri. Mashine haijui kama basi la alfajiri halikupita, kama mtoto aliugua usiku, au kama ni mwajiri mwenyewe aliyemshikilia mtu huyo kwa saa za ziada jana mpaka akapata usingizi wa saa nne. Mwenye gari na asiye na gari hupimwa kwa kipimo kimoja. Basi asiye na gari huadhibiwa kwa umaskini wake.

Isitoshe, mashine huhesabu upande mmoja. Zamu ikirefushwa kwa tangazo la ghafla, hakuna pointi anayokatwa meneja. Mshahara ukikosewa, mfanyakazi ndiye anayehangaika kuurekebisha. Karl Marx aliliona jambo hili katika sura ya siku ya kazi ya Das Kapital (1867), alipotumia ripoti za wakaguzi wa viwanda wa Uingereza kuonyesha jinsi wenye viwanda walivyojijengea faida kwa kumega dakika chache za chakula, chache za asubuhi na chache za jioni. Vifaa vimebadilika tangu hapo, lakini kumega kumebaki.

4. KOSA LA UPANDE WA PILI

Hapa hatuna budi kujikosoa sisi wenyewe tunaojiita watetezi wa wafanyakazi. Liko kosa la pili, na baadhi ya vijana wetu wa vyuoni hulipenda: kusema kwamba kwa kuwa bepari ananyonya, basi kuchelewa ni mapambano, na anayechelewa ni mwanamapinduzi asiyejijua.

Si kweli. Mwenzako asipofika zamu inapoanza, mizigo haiondoki yenyewe. Huwaangukia waliofika. Aliyemaliza zamu ya usiku hungojea wa kumpokea huku miguu ikimuuma. Anayeumia kwanza ni jirani yako kwenye mstari, na bepari huumia baadaye au haumii kabisa. Zaidi ya hayo, kuchelewa ni tendo la mtu mmoja, na mtu mmoja huondolewa kwa barua moja. Mgomo ni kitu kingine: huamuliwa na watu wengi, hutangazwa, na huwa na dai.

Kwa hiyo chama cha wafanyakazi hakiwezi kuwa maficho ya uzembe. Nidhamu ya kazi ni mali ya wafanyakazi kabla ya kuwa mali ya mwajiri. Tunalolipinga ni mamlaka ya upande mmoja kuandika kanuni, kuhesabu makosa, kusikiliza shauri na kutoa adhabu, vyote peke yake.

5. MEZA ISIYOKUWAPO

Mwishoni mwa hukumu ya 2014 kuna neno lililopita bila kelele, nalo ndilo kiini cha mambo yote. Wafanyakazi walipodai kwamba mwajiri angeweza kupunguza dakika zile, Mahakama iliwajibu kwamba hoja ya namna hiyo ipelekwe kwa mwajiri kwenye meza ya mapatano, si mahakamani. Kweli, sheria ya 1947 yenyewe inakubali kwamba dakika hizo zaweza kulipwa kama mkataba au desturi ya mahali pa kazi inasema hivyo.

Jibu hilo lingekuwa zuri kama meza ingekuwapo. Lakini mwaka 2014 hapakuwa na bohari hata moja la Amazon Marekani ambalo wafanyakazi wake walikuwa na chama kinachotambuliwa. Mahakama iliwaelekeza watu kwenye nyumba isiyojengwa.

Chama kingewapa nini? Kwanza, mkataba wa hali bora ambao kwa kawaida humtaka mwajiri awe na sababu ya haki kabla ya kumfukuza mtu. Bila mkataba, karibu kote Marekani mwajiri aweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu. Pili, mwakilishi. Tangu hukumu ya Weingarten ya 1975, mfanyakazi mwenye chama anapoitwa kuhojiwa kuhusu kosa linaloweza kumletea adhabu, anaweza kudai mwakilishi wa chama awepo. Tatu, ngazi za malalamiko zinazoishia kwa msuluhishi ambaye halipwi na upande mmoja tu.

Kujenga meza hiyo si kazi ya siku moja. Tarehe 1 Aprili 2022 wafanyakazi wa bohari la JFK8, Staten Island, New York, walihesabiwa kura 2,654 za kutaka chama dhidi ya 2,131 za kukikataa. Lilikuwa bohari la kwanza la Amazon nchini humo kupata ushindi huo, tena kwa chama walichokianzisha wenyewe. Kampuni ilipinga matokeo na kukataa kujadiliana. Juni 2024, wanachama walipopiga kura kujiunga na chama kikubwa cha Teamsters, bado mkataba ulikuwa haujapatikana. Somo ni kwamba kura huleta jina la chama. Mkataba huletwa na nguvu.

6. NA SISI JE?

Tusicheke ya jirani. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni wanakijua kipande: kadi ya siku 30 za kazi, ambayo isipojaa mshahara hautoki. Kipande na pointi ni mtu na mdogo wake.

Sheria ya hifadhi ya ajira ya mwaka 1964 ilimzuia mwajiri kufukuza apendavyo, iliweka jedwali la makosa na adhabu za kupanda ngazi, na ilizipa kamati za wafanyakazi nafasi ya kusikilizwa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini ukweli utakiwa kusemwa wote: mwaka huohuo vyama huru vilivunjwa na NUTA ikaundwa kwa sheria, na haki ya kugoma ilikwisha kubanwa tangu 1962. Kamati ilipewa sikio la kusikia shauri. Mkono wa kulisukuma shauri ulifungwa.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki anapomwachisha mtu. Ni kinga nzuri kuliko ya mwenzetu wa Nevada. Hata hivyo sheria hiyo haimfikishii kinga hiyo aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja chini ya miezi sita. Kibarua wa bohari anayeachishwa mwezi wa tano na kuandikwa upya mwezi wa sita, hana tofauti kubwa na mtu wa pointi. Kada anayeridhika kwamba sheria ipo, bila kwenda kuhesabu vibarua getini, hajafanya kazi yake.

Basi turudi kwenye hoja tuliyoanza nayo. Kada akiambiwa kwamba fulani amechelewa na ni mwizi wa wakati, asikimbilie kumtetea wala kumlaani. Aulize maswali manne. Kanuni hii iliandikwa na nani? Dakika za upande wa pili zinahesabiwa na nani? Aliyechelewa amesikilizwa mbele ya nani? Na wenzake waliobeba mzigo wake wanasemaje? Majibu yakionyesha kwamba kalamu, saa na hukumu viko mkononi mwa mtu mmoja, hapo mwizi amekwisha kujulikana, na si lazima awe yule aliyefika saa mbili na dakika kumi.