Joho na bitana yake

Joho jeusi lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Ukilikata kama gunia lenye mikono, mvaaji atatoka kama kavaa gunia. Mafundi cherehani wa Arusha wanalijua hilo zamani, kwani kwaya za Kilutheri za huku Meru huimba zimevaa majoho, na kila mwisho wa mwaka watoto wa chekechea huvishwa majoho ya mahafali. Kwa hiyo kijana akija na picha ya Hogwarts kwenye simu, ile shule ya uchawi ya vitabu vya J.K. Rowling, fundi hashangai. Anavuta futi shingoni na kuanza kupima.

Nilikaa barazani kwa fundi mmoja wa Kaloleni nikamtazama akishona la binti aliyechagua bweni la Slytherin, kijani na fedha.

"Shikamoo baba. Naomba kijani kionekane kote."

"Marahaba mwanangu. Kijani tukifiche ndani. Ukitembea kitatoka chenyewe."

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Kipande cha mabegani alikikata mara mbili ili kibebe uzito wote wa nguo. Kitambaa cha mgongoni akakikusanya kwa marinda madogo, akiyasawazisha kwa kucha, moja baada ya jingine, kabla ya kuyashikiza kwa pini. Bitana ya satini inateleza, hivyo hakuiwahisha kwenye cherehani. Aliipiga bandi kwa mkono kuzunguka kofia ya nyuma na mikono mipana, tena akaikata fupi kidogo kuliko kitambaa cha juu isije ikachungulia chini. Kisha akalitundika joho usiku kucha bila kulikunja pindo. Kitambaa kilichokatwa mshazari hushuka kikining'inia, na anayewahi kukunja pindo atapata nguo iliyopinda.

Katika kitabu cha kwanza, cha mwaka 1997, wanafunzi wanaagizwa majoho meusi ya kawaida matatu na kofia nyeusi yenye ncha. Sweta la kijivu na tai ya mistari tumevizoea zaidi kutokana na filamu, ambazo ya kwanza, ya mwaka 2001, ilivalishwa na mbunifu Judianna Makovsky. Vitu hivyo havina shida hapa mjini. Shati jeupe la shule lipo nyumbani. Sweta na tai hutafutwa kwenye mitumba, na hiyo nayo ni kazi ya jicho: kijani cha tai kikigombana na kijani cha bitana, mavazi yote yameharibika. Wapo wanaoongeza shuka la Kimasai juu. Ni zuri, lakini linavuta macho yote na joho linapotea.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba mavazi haya yana kazi hapa. Dar es Salaam ungelivua joho mara tu baada ya kupiga picha. Julai chini ya Mlima Meru, asubuhi ya ukungu, sweta na joho vinavaliwa kwa haja.

Ukitaka la kwako, peleka kitambaa mapema, kabla mahafali hayajapamba moto. Na fundi akikutajia bei ya bitana iliyopigwa bandi kwa mkono, mlipe bila kumpunguzia.