Jicho la Kocha: Ufundi Unaokosa Warithi

Ukocha wa soka ni ufundi unaomjia mtu wakati ufundi wake wa kwanza unapomponyoka. Mchezaji huitumia ujana wake wote kuifundisha miguu, na magoti yanapoanza kugoma ndipo huikabili kazi nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni kuyatoa maarifa yaliyojificha mwilini na kuyageuza kuwa maneno machache ambayo kijana aliyechoka ataweza kuyashika katika dakika kumi na tano za mapumziko. Wengi hushindwa katika mgeuzo huo. Mshambuliaji aliyefunga mabao bila kufikiri hukosa la kumwambia mshambuliaji anayefikiri mno, na kwa sababu hiyo historia ya mchezo huu imejaa nyota waliofifia kwenye benchi la ufundi na, kinyume chake, wachezaji wa kawaida waliogeuka makocha wa kuheshimiwa.

Italia ndiyo nchi iliyouthamini ufundi huu kiasi cha kuujengea nyumba. Chuo cha Coverciano, kilichofunguliwa karibu na Firenze mwaka 1958, humtaka kila anayetafuta leseni ya juu ya ukocha kuandika tasnifu, yaani maandishi marefu ya kutetea wazo lake kuhusu mchezo, hata kama amewahi kubeba makombe yote ya Ulaya. Carlo Ancelotti, mtoto wa mkulima aliyezaliwa Reggiolo mwaka 1959, alikuwa ametwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara mbili akiwa kiungo wa Milan, mwaka 1989 na 1990, na bado aliketi Coverciano na kuandika kama mwanafunzi yeyote. Karatasi hazikumkinga na makosa. Mwaka 1997, akiwa kocha wa Parma, alimkataa Roberto Baggio kwa sababu hakuona nafasi yake katika mfumo aliouamini, mfumo ukiwa ni namna wachezaji kumi walio mbele ya kipa wanavyopangwa uwanjani. Baadaye, akiwa Milan, aliupanga upya mfumo wenyewe ili mafundi wa kiungo waliokuwepo wapate pa kusimama pamoja, na kwa njia hiyo akashinda Ligi ya Mabingwa mwaka 2003 na 2007. Umbali ulio kati ya kocha aliyemkataa Baggio na kocha huyu wa pili ndio kipimo halisi cha kukomaa katika kazi hii, kwani anayeanza hulinda mpango wake, na aliyeiva huwatazama watu alionao.

Kwa Wakongomani, mfano ulio karibu zaidi ni Florent Ibenge, aliyezaliwa mwaka 1961, akacheza soka Ulaya mbali na majukwaa makubwa na kuanza kufundisha huko Ufaransa katika klabu ndogo. Mwaka 2014 aliiongoza AS Vita Club ya Kinshasa hadi fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikatoka sare mara mbili na ES Sétif ya Algeria na kulikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini, na mwaka huohuo akakabidhiwa pia timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Siku inayostahili kukumbukwa zaidi ni tarehe 31 Januari 2015 mjini Bata, katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, ambapo Kongo mbili zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto zilikutana uwanjani. Kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao. Baada ya mapumziko Brazzaville ilifunga mara mbili, na dakika zaidi ya sitini zikawa zimekwisha. Hapo ndipo makocha wengi huanza kurusha mikono na kupiga kelele, na wachezaji wakiiona hofu ya mkubwa wao huigeuza kuwa hofu yao wenyewe. Timu ya Ibenge haikuvunjika. Dieumerci Mbokani alifunga, Jeremy Bokila akasawazisha, Joël Kimwaki ambaye ni beki akaipa timu uongozi, na Mbokani akafunga la nne katika dakika za mwisho. Matokeo ya 4-2 yamebaki kwenye vitabu, lakini kilicho cha thamani zaidi hakionekani kwenye matokeo, nacho ni ule utulivu uliopandwa wiki nyingi kabla, katika mazoezi ambayo hakuna televisheni iliyoyaonyesha. Chui, kama timu hiyo ya taifa inavyoitwa, walimaliza wa tatu katika mashindano hayo. Mwaka uliofuata, kule Kigali, Ibenge alitwaa Ubingwa wa Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, kwa ushindi wa 3-0 dhidi ya Mali.

Inauma kukumbuka kwamba Kongo ya Kinshasa ilianza mapema. Ilitwaa Kombe la Mataifa mwaka 1968 chini ya Mhungaria Ferenc Csanádi na mwaka 1974 chini ya Blagoje Vidinić, kipa wa zamani wa Yugoslavia, na katika mashindano hayo ya 1974 Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika mashindano mamoja. Taifa lenye busara lingemwomba mtu kama huyo kuwafundisha watoto wake jinsi ya kujificha nyuma ya bega la beki. Mulamba alimalizia maisha yake Afrika Kusini, katika umaskini, akafariki mwaka 2019, na alichokijua kuhusu eneo la hatari kikaondoka naye.

Hasara ya namna hiyo huonekana wazi zaidi Butembo na Beni, miji miwili ya jimbo la Kivu ya Kaskazini iliyotenganishwa na kilomita zisizozidi sitini za barabara, ambako mapenzi ya mpira hayajawahi kupungua. Nyuki ya Butembo na Capaco ya Beni ni majina yaliyolelewa na ententi, yaani chama cha soka cha mji kilicho chini ya ligi ya jimbo. Katika ngazi hiyo kocha kwa kawaida ni mchezaji wa zamani wa timu hiyohiyo, asiye na mshahara wa maana, anayeamka alfajiri kuwafundisha vijana kabla ya kwenda kwenye duka lake au darasa lake, na ujuzi wake hupita kwa mkono na kwa macho: kumgeuza kijana bega ili mwili uelekee anakotaka kupeleka mpira, kumsogeza hatua mbili, kumsimamisha tena.

Hakuna kipindi kilichoukata mnyororo huo wa ujuzi kwa ukatili kama miaka ya hivi karibuni. Mauaji yaliyoanza kuzunguka Beni mwezi Oktoba 2014 yaliwatawanya vijana wa Oicha na Eringeti. Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 baada ya kuua zaidi ya watu 2,200, iliwafunza watu kuogopa hata kupeana mikono, na ufundi unaofundishwa kwa mkono ukapoteza chombo chake kikuu. Kisha waasi wa M23 walifika Kanyabayonga mwaka 2024 na kuiteka Goma Januari 2025, vita vikaligawa jimbo na barabara ambazo timu zilipita.

Wakati huohuo vibanda vya kuonyesha mpira hujaa kila wikendi, na vijana wanaoweza kutaja kikosi chote cha Real Madrid hawamjui aliyemfundisha kaka yao kupiga krosi, huku viongozi wa klabu wakimfukuza kocha baada ya mechi mbili mbaya bila kumwuliza alichokuwa akikijenga. Vita pekee haviwezi kubebeshwa lawama ya kupotea kwa ufundi huu. Ibenge aliifundisha Al Hilal ya Omdurman baada ya vita vya Sudan kuanza Aprili 2023, klabu ikachezea mechi zake za nyumbani Dar es Salaam na baadaye Nouakchott, na bado mwezi Novemba 2024 iliifunga Yanga ya Tanzania 2-0 jijini Dar es Salaam. Al Hilal ilikuwa na fedha za kuuhamisha ufundi pamoja na fundi wake. Klabu za Butembo na Beni hazina, na kocha wao anapoukimbia mji au anapozeeka, hakuna leseni iliyogharamiwa wala daftari lililohifadhiwa, na kijana aliyekuwa karibu kuelewa huanza upya kwa mtu mwingine, au huacha mpira.