Uhaini, Khiana na Usaliti: Hadhira ya Game of Thrones katika Mizani ya Kiswahili

Uhakiki wa fasihi simulizi umekubali tangu zamani kwamba hadhira si chombo kitupu kinachomiminiwa hadithi. Hadhira huitikia, hukatiza, husahihisha, na hadithi ikiisha huendelea kuibishania njiani. Hata hivyo, mabishano hayo hayajahesabiwa kuwa uhakiki, na yanapohusu tamthilia ya televisheni iliyotungwa ng'ambo huonekana kuwa ni porojo za vijana tu. Makala haya yanachunguza mabishano ya namna hiyo, yaani dhana ambazo mashabiki wa tamthilia ya njozi iitwayo Game of Thrones walijijengea kuhusu nani mwaminifu na nani msaliti. Dai lake ni kwamba dhana hizo zilikuwa na thamani pale zilipouliza mhusika anawiwa na nani, na ziliipoteza pale zilipogeuka kuwa mchezo wa kumkisia msaliti. Aidha, Kiswahili kina maneno yanayoyatenga maswali haya mawili kwa uwazi ambao mabishano yenyewe, yaliyoendeshwa zaidi kwa Kiingereza, hayakuwa nao.

Tamthilia hiyo ilitokana na riwaya za Mmarekani George R. R. Martin, ambayo ya kwanza ilichapishwa mwaka 1996. Ilionyeshwa na HBO kuanzia 2011 hadi 2019, vipindi 73 katika misimu 8. Huku Eldoret, kama katika miji mingi ya Kenya yenye vyuo, si wote walioipata kwa dishi. Nakala zilipita mkono kwa mkono na kutazamwa na watu kadhaa katika chumba kimoja. Jambo hili si dogo. Mtu anayetazama pamoja na wenzake hulazimika kuitetea hukumu yake papo hapo, kama alivyolazimika msikilizaji wa hadithi penye moto.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyelelewa na vibanda vya video aliijia tamthilia hii akiwa na kanuni moja mkononi: stelingi hafi. Kanuni hii, ambayo haikuandikwa na mhakiki yeyote, ndiyo nadharia ya kifasihi iliyoenea kuliko zote katika eneo letu. Stelingi atapigwa, atafungwa, atasalitiwa na rafiki, lakini mwisho atasimama. Kuuawa kwa Ned Stark katika kipindi cha 9 cha msimu wa kwanza kuliivunja kanuni hiyo. Ned alikuwa stelingi kwa kila kipimo. Akamwamini Petyr Baelish, mtu ambaye alikuwa amemwonya waziwazi asimwamini, naye akamgeuka mbele ya kiti cha enzi. Tangu siku hiyo kubuni dhana kukawa ni namna ya kujikinga. Hadhira iliyokwisha kuchomwa kisu mara moja ilianza kutafuta mapema kisu kijacho kimeshikwa na nani.

Katika utafutaji huo Kiingereza kilitumia neno moja kwa mambo mengi. Kiswahili kina angalau matatu. Uhaini ni kosa dhidi ya mtawala au dola, na ndilo neno la mahakamani. Khiana ni kuvunja amana: mtu alikabidhiwa kitu, siri, mgeni au maisha ya mwenziwe, akamhini aliyemkabidhi. Maneno haya mawili yana shina moja la Kiarabu, lakini matumizi ya Kiswahili yameyatenga, moja likaelekea kwenye kiti na jingine likabaki baina ya watu wawili. Usaliti nao una maana ya zamani inayosahaulika siku hizi: kusaliti ni kufitinisha, kuwatia watu magomvi, kabla ya kuwa ni kutoa siri kwa adui. Mtu aweza kuwa mhaini bila khiana yoyote, na aweza kufanya khiana kubwa huku akiitii dola kikamilifu.

Tukiwapima wahusika kwa mizani hii, mabishano mengi yaliyochukua miaka yanapungua uzito. Jaime Lannister alimuua Mfalme Aerys aliyekuwa amekula kiapo cha kumlinda, na kwa ajili hiyo akaitwa muuaji wa mfalme maisha yake yote. Msimu wa tatu ndio ulioieleza hadhira kwamba mfalme huyo alikuwa ameamuru mji mzima uteketezwe. Kitendo chake ni uhaini, hakuna ubishi. Lakini wakazi wa mji ule, ambao maisha yao nayo yalikuwa amana mikononi mwa askari, hawakufanyiwa khiana. Walder Frey na Roose Bolton ni kinyume chake. Katika harusi ya umwagaji damu iliyoonyeshwa mwaka 2013 waliweza kudai kwamba wanamrudia mfalme halali wa Kiti cha Chuma, na kwa sheria dai hilo lina nguvu. Lakini Frey alikuwa mwenyeji aliyewalisha wageni wake mkate na chumvi kabla ya kuwachinja. Martin mwenyewe ameeleza kwamba aliyachota mambo hayo katika historia ya Uskoti, katika karamu ya mwaka 1440 na mauaji ya Glencoe ya 1692. Baelish, kwa upande wake, ni msaliti kwa ile maana ya zamani: kazi yake ni kuwagonganisha watu, na ukimtafutia bwana anayemtumikia humwoni.

Mfano ulio mgumu zaidi, na unaostahili kukaliwa, ni ule wa utabiri wa Daenerys. Katika riwaya ya pili, iliyotoka mwaka 1998, binti huyu anaambiwa kwamba atasalitiwa mara tatu: mara moja kwa sababu ya damu, mara moja kwa dhahabu, mara moja kwa mapenzi. Maneno hayo hayakutiwa katika tamthilia, lakini mashabiki waliyahamishia humo na kuyafanya kitendawili kikuu. Nani wa damu? Nani wa dhahabu? Orodha ziliandikwa, zikafutwa, zikaandikwa upya.

Wengi walimtaja Mirri Maz Duur kuwa wa kwanza, yule mganga mateka aliyejidai kumponya mume wa Daenerys akamwacha kuwa mzoga wenye pumzi. Hapa ndipo mizani yetu inapokataa orodha. Mganga huyo alitoka katika mji uliochomwa na jeshi la mume huyo huyo. Watu wake waliuawa na wengine wakatiwa utumwani. Daenerys aliamini kwamba amemwokoa, na kwa hiyo anamdai shukrani. Lakini amana haizaliwi kwa upande mmoja. Mateka hana deni kwa aliyemteka, hata kama katika kundi la watekaji yumo mmoja mwenye huruma. Shabiki aliyemwandika mwanamke huyu katika safu ya wasaliti alikuwa tayari amekubali kuuona ulimwengu kwa macho ya mshindi.

Jorah Mormont, aliyetajwa na baadhi kuwa wa dhahabu, ni tofauti. Alipeleka habari za Daenerys kwa jasusi Varys ili apewe msamaha arudi kwao. Mwanzoni hakuwa na deni kwake, na kitendo chake ni ujasusi wa kawaida. Khiana yake ilianza baadaye, alipokwisha kuaminiwa, akaacha kupeleka habari lakini akanyamaza. Kosa lake ni ule ukimya. Daenerys alimfukuza mwaka 2014 katika msimu wa nne, naye akarudi, akafa akimkinga katika msimu wa mwisho. Ni mashabiki wachache waliouliza deni lake lilianza siku gani. Wengi walitaka tu kujua kama jina lake linajaza nafasi ya pili.

Utabiri na usaliti si jozi ngeni katika nchi inayouzunguka mji wa Eldoret. Wanandi husimulia habari za Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot aliyetabiri ujio wa wageni na wa nyoka wa chuma atakayetema moto na moshi, ambaye watu hulifasiri kuwa ni gari la moshi. Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe yapata mwaka 1890, akilaumiwa kwa maafa yaliyowapata. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza hadi tarehe 19 Oktoba 1905, alipoitwa kwenye mkutano wa amani akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Afisa huyo alidai kwamba aliwahi tu kabla ya kuwahiwa, na uchunguzi wa kijeshi ukamwondolea lawama. Masimulizi ya Wanandi hayajamwondolea. Kwa upande wa dola aliyoitumikia hapakuwa na uhaini. Kwa upande wa mkono ulionyoshwa kwa amani palikuwa na khiana. Fimbo za Koitalel zilirudishwa Kenya mwaka 2006, zaidi ya miaka 100 baadaye. Msikilizaji wa habari hizi hahitaji kufafanuliwa kwa nini harusi ya akina Frey inatisha.

Tena katika siasa za Kenya neno msaliti hutupiwa hata mtu aliyepiga kura tofauti na jamaa zake, ilhali hakukabidhiwa siri wala hakumfitinisha yeyote. Katika mji ulioumizwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kulitumia neno hilo ovyo si suala la kamusi peke yake.

Pwani tuna kielelezo kinachoonyesha hadhira inaweza kufanya nini inapokwisha kumjua msaliti. Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake ulitungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni na mtu wa damu yake aliyeahidiwa makuu na mtawala wa Pate. Hakuna msikilizaji asiyejua mwisho. Kwa hiyo mabishano huhamia kwingine. Utenzi humtaja mwanawe; masimulizi mengine humtaja mpwawe. Tofauti hii si ya kumbukumbu mbovu. Mpwa, pale urithi unapopitia upande wa mama, ni mrithi anayeharakisha kilicho chake; mwana ni mtu anayekiuza alichokwisha kuwa nacho. Kadhalika Liyongo katika utenzi anamshuku kijana, na bado anamtajia siri ya kifo chake. Kwa nini? Swali hilo limewashughulisha wasikilizaji na wataalamu kwa muda mrefu, na halichakai kwa kujua jibu la "nani".

Watungaji wa Game of Thrones walielekea njia nyingine. Katika msimu wa saba, mwaka 2017, Sansa na Arya Stark walionyeshwa wakichukiana, kisha ghafla ikafunuliwa kwamba wamekwisha kupatana na shabaha yao ni Baelish. Mshangao ulipatikana kwa kuificha hadhira mambo ambayo wahusika wenyewe waliyajua. Ni hila hafifu. Mwaka huo huo Tyrion aliingia peke yake kuzungumza na dada yake Cersei, na kamera ikaondoka kabla ya mazungumzo kwisha. Mashabiki walijenga juu ya pengo hilo dhana nzima kwamba Tyrion amemuuza Daenerys kwa siri. Dhana ilikuwa ya akili, na haikuwa na mashiko. Pengo lilikuwa pengo tu. Tamthilia ilipokwisha mwaka 2019, zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa mwisho utengenezwe upya. Walidharauliwa mno, pengine kuliko walivyostahili. Hadhira iliyofunzwa kwa miaka minane kwamba kila jambo ni dalili ilikuwa na haki ya kudai dalili zifike mahali.

Na msaliti wa tatu, yule wa mapenzi? Jon Snow alimchoma Daenerys kisu akiwa amemkumbatia, baada ya mji ule ule ambao Jaime aliunusuru kuteketezwa na joka. Kama malkia wake aliyemwapia, ni uhaini. Kama mtu aliyemkaribia bila kinga kwa kumwamini, ni khiana, na haifutwi na majivu ya mji. Lakini wakazi waliobaki nao walikuwa na dai juu yake. Kuna jambo moja zaidi ambalo orodha za mashabiki zililitumia kuthibitisha nasaba ya Jon na kisha zikaliacha: Jon ni mtoto wa kaka yake Daenerys. Aliyemuua alikuwa shangazi yake, na mikononi mwake, kama ilivyokuwa kwa Liyongo, alimfikia kwa njia ambayo isingefunguliwa kwa mtu mwingine yeyote.