Begi la Masika: Kupima Mzigo wa Kwenda Pemba

Wengi wanaofungasha kwenda Pemba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, huanza na koti la mvua. Mimi huanza na kamba ya kuanikia nguo. Mvua itakulowesha upende usipende; ukisalimika njiani kutoka bandari ya Mkoani, utalowa chini ya mikarafuu, ambako majani huendelea kudondosha maji hata baada ya wingu kupita. Kwa hiyo kila kitu unachokitia begini kiulize swali moja: kikishalowa, kitakauka lini?

Miezi hiyo hewa yenyewe imeshiba maji, na nguo iliyoanikwa haina pa kuyapeleka yake. Wenye mikarafuu wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Karafuu ikinyeshewa jamvini na ikachelewa kukauka, hupoteza rangi na thamani, ndiyo maana wingu likitanda nyumba nzima hutoka mbio kwenda kuanua. Msafiri naye akague nguo zake kwa jicho hilohilo.

Anza na shati. Lichovye kwenye ndoo, likamue kwa nguvu zako zote, kisha litundike ndani ya nyumba, usiku. Asubuhi usiguse mgongo wala mikono yake, kwani hapo patakuwa pamekauka na patakudanganya. Shika ukosi. Bana kwa vidole viwili mshono wa kwapa, kisha chini ya mfuko wa kifuani, pale kitambaa kilipokunjwa mara tatu na kushonwa. Ukisikia ubaridi, maji bado yamo, na hapo ndipo koga huanzia: vidoa vyeusi vidogo ambavyo sabuni huvififisha tu bila kuving'oa. Shati zuri la masika lina ukosi mwembamba, mfuko mmoja au halina kabisa, na mikono mirefu ya kitambaa chepesi, maana mbu wa jioni hawana huruma na Pemba ni mahali pa kujisitiri. Suruali ya jinzi hufeli mtihani huu kila mara. Iache nyumbani, hata kama ndiyo uipendayo.

Taulo nene nalo liache, uchukue kanga. Ila kanga nayo huchaguliwa. Iliyo mpya dukani imekakamaa kwa wanga, na wanga huo hukataa maji. Ukijifutia, maji yanateleza tu mwilini. Ifue mara kadhaa kabla ya safari mpaka ilainike. Ukishaifua, inyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi zikiwa zimekaa karibukaribu na kwa usawa, hiyo ni pamba ya kutegemewa. Ukiona mianya na mafundo, ulinunua wanga na rangi. Doti moja inatosha: kipande kimoja cha kujifutia, kingine cha kujifunika, kujitanda au kufungia vitu. Kikoi ni kizuri pia, lakini ni kizito zaidi na hukawia kukauka kambani.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Nguo iliyorushiwa maji ya bahari botini haikauki sawasawa hata ikianikwa kutwa, kwa sababu chumvi iliyobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewani na kuurudisha. Isuuze kwa maji baridi ya bomba au ya kisima kwanza, ndipo uianike.

Sasa koti la mvua, ambalo sijalikataa. Ligeuze ndani nje uangalie mishono. Mshono uliobandikwa utepe umeziba matundu ya sindano. Usio na utepe utapitisha maji mabegani kwanza, hata kama muuzaji ataapa. Halafu tafuta matundu ya hewa kwapani au mgongoni. Koti lisilopumua katika fukuto lile litakulowesha kwa jasho lako mwenyewe, na hapo hujapata faida yoyote. Kwa matembezi ya Wete au Chake Chake ninauthamini zaidi mwavuli. Ufungue, ushike kijiti kimoja karibu na ncha, ukipinde. Kikikubali kupinda na kurudi, upepo hautauvunja. Kikibaki kimepinda, uache dukani.

Kwa viatu, tazama soli na kamba ya kisigino. Njia za udongo zikilowa huteleza vibaya, na ndara hubaki nyuma kwenye tope huku mguu ukiendelea na safari. Yeboyebo lenye kamba ya nyuma na soli yenye meno ndilo kiatu cha msimu huu, na ukienda msitu wa Ngezi chukua cha kufunika vidole. Makubazi ya ngozi ni mazuri kwa sherehe, ila ngozi iliyolowa na kufungiwa huota ukungu haraka.

Begi liwe laini na lisilo na magurudumu, ambayo kwenye tope ni uzito tu. Ndege ndogo nazo mara nyingi hupokea kilo 15 pekee, na hupendelea mabegi yanayobonyea. Usitegemee mifuko ya plastiki ya dukani kukinga vitu. Zanzibar iliipiga marufuku zamani, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Afadhali makopo yenye mfuniko wa kubana. Lijaribu kila kopo: weka ndani karatasi ya msalani, funga, lizamishe kwenye ndoo, kisha fungua uone kama karatasi imelowa. Lililofaulu ndilo la dawa, simu na hati ya kusafiria. Tia humo na vile vipakiti vya chembechembe vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu vipya, maana vinanyonya unyevu uliofungiwa ndani.

Watu wa visiwani hufukiza nguo udi juu ya chetezo, nami naipenda desturi hiyo kwa moyo wote. Lakini nguo ifukizwe ikiwa imekauka. Harufu ya udi juu ya nguo iliyovunda haiponyi kitu, na asubuhi yake uvundo hujitokeza upya.

Ukifika, toa kila kitu begini siku hiyohiyo, hata kile unachodhani ni kikavu. Funga kamba mahali panapopita upepo kati ya dirisha na mlango, tundika, na begi lenyewe liache wazi, limelala ubavu, mbali na ukuta.